Switch haihitaji TV wala intaneti ukiwa melini

Vijana wengi hapa Mwanza wanaamini kwamba Nintendo Switch, mashine ya kuchezea gemu, ikitolewa kwenye kitako chake kando ya TV inabaki kioo kitupu, au inacheza gemu kwa bando. Si kweli. Prosesa, memori na sehemu ya kadi ya gemu vyote vimo ndani ya kile kioo. Kitako kinachaji na kupeleka picha kwenye TV kwa waya wa HDMI, basi. Ndiyo maana ukipanda meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, unachomeka kadi na kuendelea pale pale ulipoishia sebuleni, hata mtandao ukikatika katikati ya ziwa. Chunga chaji tu: ile ya kwanza ya 2017 hukaa saa 2.5 hadi 6.5, kutegemea gemu.

Nadhani dhana hii imetokana na PlayStation Portal, kifaa cha mkononi cha Sony cha 2023, na hapo wana haki. Portal haiendeshi gemu yenyewe. Hupokea picha kupitia Wi-Fi, hasa kutoka PS5, mashine ya gemu ya Sony, iliyobaki nyumbani. Umeme ukikatika huko nyumbani Kirumba, gemu nalo limekwisha. Anayesafiri mara kwa mara, mimi namshauri Switch bila kusita.