Meno ya Kupandikiza ya Taya Zima: Maswali ya Kuuliza Kabla Hujakubali Kung'olewa Meno Yaliyobaki

Swali: Meno ya kupandikiza ya taya zima ni nini hasa?

Ni meno bandia ya taya lote, la juu au la chini, ambayo hayakai juu ya ufizi kama yale ya kuvua na kuvaa, bali hufungwa kwenye vipandikizi vichache vilivyozamishwa ndani ya mfupa. Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titani, ambayo kwa kawaida ina urefu wa milimita 8 hadi 15, nayo huchukua nafasi ya mzizi wa jino. Watu wengi hudhani kwamba kila jino lililong'oka litahitaji kipandikizi chake. Sivyo ilivyo: meno 10 hadi 14 ya taya moja huungwa pamoja yakawa daraja moja, na daraja hilo hubebwa na vipandikizi vinne hadi sita, wakati mwingine zaidi ya hapo katika taya la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi.

Msingi wa tiba hii ulipatikana Sweden. Katika miaka ya 1950, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura, akagundua kwamba vifaa vya titani alivyokuwa amevipachika havitoki tena kwa sababu mfupa umeshikamana navyo. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye aliendelea kuvitumia mpaka alipofariki mwaka 2006. Mtindo unaotangazwa sana siku hizi, wa vipandikizi vinne ambavyo viwili vya mbele husimama wima na viwili vya nyuma hulazwa mshazari, ulienezwa na Paulo Malo wa Lisbon, Ureno, kuanzia miaka ya 1990. Mshazari huo una sababu yake: hukwepa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini, na katika taya la juu hukwepa uwazi wa hewa ulio juu ya magego, hivyo wagonjwa wengi huepuka upasuaji wa kuongezewa mfupa.

Swali: Bado nina meno kadhaa, ila mengi ni mabovu. Niyang'oe yote ili niwekewe meno haya?

Hili ndilo swali linalostahili muda mwingi kuliko mengine yote, kwa kuwa kila uamuzi mwingine katika tiba hii unaweza kurekebishwa kwa namna fulani, lakini jino lililong'olewa halirudi.

Jino huhesabiwa kuwa halitibiki pale ambapo ugonjwa wa fizi umekula mfupa unaolishika kiasi kwamba linacheza hata kwa kwenda juu na chini, au mzizi wake umepasuka kwa urefu, au uozo umeshuka chini ya ufizi hadi hakuna sehemu imara ya kujengea taji, yaani kofia ya kulifunika jino. Mbali na hali za namna hiyo, daktari anayekushauri kung'oa anapaswa kukueleza jino kwa jino, huku akikuonyesha picha ya eksirei, kwa nini kila moja halifai kuokolewa. Maneno ya jumla kama "meno yako yamechoka" hayatoshi.

Zipo pia sababu ambazo si sababu kabisa. Watu waliokulia Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengi ya Bonde la Ufa ambako maji yana floraidi nyingi mara nyingi wana meno ya rangi ya kahawia, na baadhi yao wamebeba aibu ya kucheka tangu utotoni. Rangi hiyo iko kwenye tabaka la nje la jino. Mizizi na mfupa mara nyingi ni mizima. Meno kama hayo yanaweza kung'arishwa, kusuguliwa juu juu au kufunikwa, na kuyang'oa ili kuweka vipandikizi ni kutoa kitu kizima na kuweka cha kutengenezwa. Vivyo hivyo kwa meno yaliyopangana vibaya na yale yenye matundu yanayozibika.

Jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi ni kwamba, ili daraja la taya zima lipate nafasi ya kukaa, daktari mara nyingi hulazimika kukata na kusawazisha sehemu ya juu ya mfupa wa taya. Kwa mtu ambaye mfupa wake ulikuwa umekwisha kuliwa na ugonjwa, hasara ni ndogo. Kwa mwenye mfupa mwingi na meno yanayotibika, ni kupoteza akiba ambayo angeihitaji miaka 20 baadaye iwapo kipandikizi kimoja kingeshindwa.

Hata hivyo, kung'ang'ania meno yaliyokwisha nako kuna gharama. Ugonjwa wa fizi unaoachwa uendelee hula mfupa uleule ambao vipandikizi vitauhitaji. Ndiyo maana ni vyema fizi zitibiwe kwanza, kisha meno yapimwe tena baada ya miezi michache. Baadhi ya yale yaliyokuwa yakicheza hukaza.

Swali: Mimi sina jino hata moja. Je, njia ni hii tu?

Hapana, na hapa ndipo wagonjwa wengi hukosa kuelezwa kwa ukamilifu. Seti ya juu ya meno ya kuvua na kuvaa, ikitengenezwa vizuri, hujishika kwenye kaakaa na wengi huizoea. Tatizo hasa liko chini, ambako sehemu ya kukalia ni nyembamba, ulimi huisukuma seti kila mtu anapozungumza, na mfupa wa taya la chini hupungua haraka zaidi baada ya meno kung'oka: vipimo vilivyofuatilia watu kwa miaka mingi vilionyesha kwamba hupungua karibu mara nne ya ule wa juu.

Mwaka 2002, wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikubaliana kwamba kwa mtu asiye na meno katika taya la chini, chaguo la kwanza liwe seti ya kuvua na kuvaa inayobanwa na vipandikizi viwili tu. Kwa maoni yangu, ushauri huo bado ndio unaowafaa watu wengi wa kwetu kuliko mpango wa taya zima. Vipandikizi ni viwili badala ya vinne au sita, upasuaji ni mdogo, seti huvuliwa usiku na kuoshwa vizuri hata na mzee ambaye mikono yake imeanza kutetemeka, na mtu aliyekuwa akiogopa kula mbele ya wageni huweza kutafuna bila seti kumtoka. Upungufu wake ni kwamba bado ni kitu cha kuvua, vibanio vyake vya plastiki hulegea na kuhitaji kubadilishwa mara kwa mara, na mabaki ya chakula huweza kuingia chini yake. Asiyeweza kabisa kuvumilia kitu cha kuvuliwa kinywani, au anayetapika kila kaakaa linapoguswa, ana sababu nzuri ya kufikiria daraja la kudumu.

Swali: Nina kisukari, au ninavuta sigara, au umri wangu umekwenda. Ninafaa?

Umri peke yake hauzuii. Watu wa miaka 80 huwekewa vipandikizi na vikashika, ilhali kijana ambaye mifupa yake bado inakua hafai. Mwenye kisukari anafaa ikiwa sukari yake imedhibitiwa. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kikiwa karibu na asilimia 7 au chini yake hali ni nzuri, na kikipita asilimia 8 madaktari wengi huahirisha. Anayeishi na virusi vya Ukimwi, akitumia dawa zake ipasavyo na virusi vikiwa vimefubazwa, hazuiliwi. Sigara huongeza uwezekano wa kipandikizi kushindwa kwa takriban mara mbili, na anayesema ataacha "baada ya upasuaji" anaahirisha jambo lililopaswa kutangulia.

Hatari kubwa zaidi ni zile ambazo mgonjwa hakumbuki kuzitaja. Dawa za kuimarisha mifupa kama alendronate, zoledronic acid na denosumab, hasa zinapotolewa kwa sindano kwa wagonjwa wa saratani, zinaweza kusababisha mfupa wa taya kufa baada ya kung'olewa jino au kuwekewa kipandikizi. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin amweleze daktari, wala asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa maana kiharusi ni kibaya kuliko ufizi unaovuja damu. Mwenye tabia ya kusaga meno usingizini naye aseme, kwani anaweza kuvunja daraja imara na atahitaji kinga ya kuvaa usiku.

Swali: Tangazo linasema nitapata meno kwa siku moja. Ni kweli?

Ni kweli nusu. Mgonjwa anaweza kuingia asubuhi na kutoka jioni akiwa na meno yaliyofungwa, lakini hayo ni ya muda, ya akriliki (aina ya plastiki), na si kila mfupa unaoruhusu kufungwa siku hiyohiyo. Mfupa huchukua takriban miezi 3 katika taya la chini, na hadi 6 katika la juu, kushikamana na titani. Ndipo hutengenezwa daraja la kudumu, la akriliki juu ya fremu ya chuma au la zirkonia, aina ya kauri ngumu.

Kipindi cha hatari hakiko siku za mwanzo. Kipandikizi kikiingizwa hubanwa na mfupa wa zamani. Mfupa huo kisha huanza kumumunyuka kidogo kabla ule mpya haujakomaa, hivyo karibu na wiki ya tatu na ya nne mshiko huwa dhaifu kuliko siku ya upasuaji. Wakati huo maumivu yamekwisha, uvimbe umepungua, na mgonjwa anajiona amepona na anatamani nyama choma. Kwa wiki sita hadi nane, au zaidi kadiri daktari atakavyoagiza, chakula kiwe laini: uji, ndizi zilizopikwa zikalainika, maharage yaliyopondwa, mayai, samaki asiye na miiba. Mahindi ya kuchoma, muwa na kung'ong'ona mifupa visubiri, na hata baada ya daraja la kudumu muwa ni bora ukatwe vipande vidogo.

Swali: Yanadumu kwa muda gani?

Vipandikizi vyenyewe hudumu vizuri. Katika tafiti nyingi zaidi ya 9 kati ya 10 bado viko mahali pake baada ya miaka 10. Kinachosumbua ni daraja lililo juu yake, kwa kuwa meno ya akriliki huchakaa na kuvunjika, na skrubu hulegea. Aidha, ingawa vipandikizi haviozi, mfupa unaovizunguka huweza kuliwa na maambukizi yanayofanana na ugonjwa wa fizi, nayo hayaumi mwanzoni. Tafiti zimeyakuta kwa takriban mtu mmoja kati ya watano wenye vipandikizi, na aliyepoteza meno yake kwa ugonjwa wa fizi yuko katika hatari zaidi. Mtu huyo atahitaji kupitisha uzi au brashi nyembamba chini ya daraja kila siku, na kumwona daktari kila baada ya miezi mitatu hadi sita kwa maisha yake yote. Asiyeweza kufika kliniki kwa sababu ya umbali au fedha azingatie hilo kabla ya kuanza.

Swali: Niulize nini kuhusu gharama, na je, nikatibiwe nje ya nchi?

Omba mchanganuo kwa maandishi: picha ya mionzi ya pande tatu, kung'oa, vipandikizi, kuongeza mfupa kama itahitajika, daraja la muda, daraja la kudumu, na matengenezo ya miaka ya mwanzo. Bei iliyotajwa mara nyingi huishia kwenye daraja la muda. Hakikisha pia daktari amesajiliwa, na Baraza la Madaktari Tanganyika kwa Tanzania Bara au baraza la madaktari na madaktari wa meno kwa Kenya, na tafuta maoni ya pili kwa daktari ambaye hatafanya upasuaji huo. Hospitali za kufundishia ni mahali pazuri kwa hilo.

Wanaosafiri kwenda India au Uturuki wakumbuke kwamba safari ni mbili kwa uchache, na kwamba skrubu italegea wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani. Kila kampuni ya vipandikizi ina vifaa vyake vya kufungulia, hivyo usiondoke kliniki bila karatasi inayotaja jina la kampuni, aina, kipenyo na urefu wa kila kipandikizi, pamoja na nakala za picha. Bila karatasi hiyo, daktari wa Mombasa au Mwanza anaweza kukosa bisibisi ya kufungua daraja lako.

Swali: Ni dalili zipi baada ya upasuaji zinanitaka nirudi haraka?

Uvimbe na michubuko kwa siku chache ni kawaida, na maumivu mara nyingi hutulizwa na dawa za kawaida. Mdomo wa chini au kidevu kikibaki na ganzi siku inayofuata, mpigie daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa kipandikizi kinaweza kuwa kinabana mshipa wa fahamu na muda wa kukiondoa ni mfupi. Rudi pia ukiona usaha, ukihisi daraja linacheza, au maumivu yakiongezeka baada ya kuwa yamepungua. Uvimbe unaoshuka shingoni, homa, kushindwa kumeza au kupumua kwa shida havisubiri kliniki ya meno: nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, usiku au mchana.