Umri wa punje si umri wa mlima

Tukisikia punje ya mchanga imepimwa ikakutwa na miaka milioni 600, wengi wetu hapa Pemba husema: basi na mlima ilikotoka uliinuka wakati huo. Sivyo kabisa.

Chota mchanga wa kujengea, ule wa shimoni ulioletwa na mito ya kale kutoka bara, si mweupe wa pwani ambao mwingi ni matumbawe yaliyosagika. Ndani ya mchanga kama huo hutafutwa zirkoni, punje ngumu ajabu. Urani iliyomo hugeuka risasi (ile metali) polepole mno: nusu yake huchukua takriban miaka bilioni 4.5. Kipimo hicho hueleza punje iliumbika lini, kilomita nyingi chini ya ardhi. Mlima waweza kuinuka baadaye sana.

Kuinuka husomwa kwenye apataiti, madini mengine ya mawe. Jiwe likiwa bado chini na moto, heli, gesi inayozaliwa ndani ya punje yake, huvuja. Mvua na mito ikila mawe ya juu, la chini husogea, hupoa hadi nyuzi joto 70 hivi za Selsiasi, na heli huanza kubaki. Saa yake huanzia hapo.

Na tabaka letu lenyewe la mchanga wa shimoni? Haliwezi kuwa kongwe kuliko punje yake changa kuliko zote.