Je, wajua kwa nini Dodoma harusi husubiri mtama uingie ghalani?

Mwaka jana binamu yangu anayefanya kazi Ujerumani alipiga simu nyumbani akiwa na habari njema. Amepata mchumba, na harusi anataka ifungwe Aprili, wiki moja baada ya Pasaka. Sababu alikuwa nazo: likizo ameipata, na huko aliko Aprili ndio mwezi ambao baridi inakwisha, miti inachanua, watu wanatoka nje na watoto wao na kila familia ina shughuli. Shangazi, mama yake, alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamuuliza swali moja tu: "Mwanangu, Aprili wageni wako utawalisha nini?"

Kwa asiyeujua mkoa wetu, swali hilo linashangaza. Aprili Dodoma imevaa kijani. Ukija kwa basi kutoka Morogoro, ukishaipita Gairo na kuingia Kongwa, mtama umesimama pande zote mbili za barabara, alizeti zimegeuza nyuso kwa jua, na mbuzi wamenenepa. Macho yanasema kuna shibe. Ghala linasema jambo jingine, na sherehe zetu hulisikiliza ghala.

Yote yanaanzia kwenye mvua. Watu wa Pwani na wa kaskazini kama Arusha na Kilimanjaro hupata mvua mara mbili kwa mwaka, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Sisi wa Dodoma, pamoja na Singida na Tabora, tuna zile ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa huziita mvua za msimu. Ni mara moja tu, tangu mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Ukanda wa mvua, yaani ule mkanda wa mawingu mazito ya nchi za joto, hulifuata jua. Jua likielekea kusini baada ya Septemba, ukanda nao hushuka. Likianza kurudi kaskazini baada ya Desemba, nao hupanda. Karibu na ikweta ukanda huo hupita mara mbili na kuacha kipindi kikavu katikati. Kadiri unavyokwenda kusini, ile safari ya kwenda na ile ya kurudi husogeleana mpaka zikawa msimu mmoja.

Kisha kuna milima. Kuanzia Mei upepo wa kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi ukiwa na unyevu, lakini kabla haujatufikia hukutana na Uluguru, Ukaguru na Rubeho. Huko ndiko unakoacha maji yake. Unaotufikia sisi ni upepo mkavu, wenye nguvu, na usiku wa Juni na Julai una baridi ya kumfanya mtu atafute koti. Kwa mwaka mzima Dodoma mjini hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 hivi, na kuanzia Juni hadi Septemba ni nadra kuona hata tone.

Basi, mkulima wa Dodoma ana nafasi moja kwa mwaka. Anapanda Desemba chakula ambacho, akishakivuna, lazima kimfikishe hadi mavuno ya mwaka utakaofuata. Ndiyo maana miezi ya kijani kibichi, Januari, Februari na Machi, ndiyo miezi ambayo magunia yamelegea. Mtama wa mwaka uliopita unakaribia kwisha, wa mwaka huu bado uko shambani. Nimekulia kwenye nyumba ambayo Februari uji ulikuwa mwepesi kuliko wa Agosti, na hakuna aliyehitaji kutuambia kwa nini. Vitabu vya watoto vilivyotafsiriwa hutuonyesha majira ya kuchipua kuwa ndiyo majira ya furaha. Kwetu kuchipua na kushiba ni vitu viwili vyenye miezi tofauti, na kati yake kuna jembe, palizi na ndege.

Ndege hao nataka niwaeleze vizuri, kwa sababu ndio wanaoamua kalenda ya familia nyingi. Uwele na mtama vikianza kukomaa, kweleakwelea hushuka kwa makundi makubwa yanayogeuka angani kwa pamoja kama nguo inayokung'utwa. Kundi likitua kwenye shamba lisilo na mtu, jioni utakuta masuke matupu. Kwa hiyo wiki zile za mwisho familia huhamia shambani. Mtu hupanda kwenye dungu kabla jua halijachomoza, na kazi yake ni kupiga debe, kurusha mabonge ya udongo kwa teo na kupaza sauti mpaka jioni. Watoto hushika zamu wakitoka shule. Katika wiki hizo ukimwalika mtu harusini unamwomba awaachie ndege kazi ya mwaka mzima.

Mvua ikishakatika, suke hukauka likiwa bado kwenye bua, na mavuno huanza. Uwele hutangulia, mtama hufuata. Kule Bahi, mpunga nao huvunwa kipindi hichohicho. Masuke hupelekwa kwenye uwanja uliosakafiwa kwa udongo, yakapigwa kwa fimbo mpaka punje ziachie. Hapo ndipo ule upepo mkavu wa kusi unapokuwa rafiki. Nimemtazama shangazi akipepeta: anasimama ubavu kwa upepo, anainua ungo hadi usawa wa kichwa na kuuinamisha kidogo kidogo. Punje zinaanguka wima miguuni pake, makapi yanachukuliwa hatua tatu nne pembeni na kujikusanya yenyewe kuwa lundo jingine. Upepo ukitulia, naye anatulia. Ukirudi, anaendelea na sentensi aliyoiacha katikati.

Ghala likijaa ndipo mambo ya ukoo yanapofunguka. Wazee hujua sasa kiasi walichonacho, na bila kujua hicho hakuna mzee wa Kigogo, yaani wa Wagogo, wenyeji wa Dodoma, atakayetaja tarehe. Hofu hiyo ina historia. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ulipita kwenye njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya. Majeshi ya vita vya kwanza vya dunia yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosekana. Tangu hapo, na hata kabla yake, kutumia nafaka kabla hujaiona ghalani ni jambo ambalo wazee wetu hawalifanyi.

Sherehe yenyewe nayo inadai jua. Chukua pombe ya mtama, ambayo katika shughuli nyingi za Kigogo ndiyo inayomkaribisha mgeni. Mtama hulowekwa usiku kucha, ukachujwa maji, ukafunikwa kwa gunia bichi mahali penye joto. Baada ya siku tatu hivi, kila punje imetoa mzizi mweupe mdogo. Ndani ya punje vimeng'enya vimeamka na kuanza kuugeuza wanga kuwa sukari, kazi ambayo kwa kawaida ingeulisha mmea mchanga. Hapohapo mpishi anausimamisha ukuaji kwa kuuanika mtama juani mpaka ukauke kabisa. Hicho ndicho kimea. Husagwa, hupikwa kama uji, kisha huachwa uchachuke. Watoto na wasiotumia pombe hupata togwa kutoka kwenye kimea hichohicho. Jaribu kuanika kimea Februari uone: wingu likifunga siku mbili, punje zinaota kuvu na kazi yote imepotea. Pombe hiyo pia inakula nafaka nyingi, na mwenye gunia moja la kufikia mavuno hawezi kulipika.

Nyama ni hivyohivyo. Ng'ombe wa mahari na wa kuchinja huwa na mwili mzuri baada ya miezi ya malisho, yaani kuanzia Mei. Makorongo yaliyokuwa yanapitisha maji ya hasira yamekauka, barabara za mbuga zenye udongo mweusi ulionata sasa zinapitika, kwa hiyo mshenga anaweza kufika na wajomba wakaja kutoka Manyoni bila kulala njiani. Na wageni watalala wapi? Tembe la asili, lenye paa bapa la udongo, halipendi mvua nyingi. Kiangazi mgeni hulala hata uani, chini ya nyota, na ngoma huchezwa nje mpaka alfajiri. Wanawake wanaopiga muheme, wakiwa wameibana ngoma kati ya mapaja, wanahitaji uwanja mkavu. Jando la wavulana nalo kwa kawaida lilingoja miezi hii ya baridi, chakula kikiwepo na kazi za shamba zikiwa zimekwisha.

Wageni waliopuuza kalenda hii waliwahi kuilipia. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Kongwa mradi mkubwa wa karanga ili wapate mafuta ya kula, yaliyokuwa adimu kwao baada ya vita. Matrekta yaliletwa, pori likafyekwa. Mvua hazikutosha, na zilipokatika udongo ule ukakauka na kuwa mgumu hata karanga zikagoma kung'oka. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha.

Dini nayo imeiimarisha desturi, ingawa ilikuja na kalenda ya kwingine. Pasaka huangukia Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa Machi 21 au unaofuata tarehe hiyo, kwa hiyo huwa kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mwaka 2024 ilikuwa Machi 31, mwaka 2025 ilikuwa Aprili 20. Kabla yake ipo Kwaresima, na parokia nyingi, za Kikatoliki na za Kianglikana, hazifungishi ndoa katika siku hizo. Kwetu Kwaresima huangukia palepale kwenye wiki za magunia malegevu na ndege. Mfungo wa kanisa na ufinyu wa ghala vimekuwa majirani wa miaka mingi, na nadhani ndiyo maana Wagogo hawakuona taabu kuupokea. Sikukuu za Kiislamu hazikai mahali pamoja, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 10 au 11, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote.

Mjini mambo yamebadilika kidogo. Anayelipwa mshahara halingoji suke, na kamati ya harusi hukusanya michango mwezi wowote. Hata hivyo wanakamati wengi wana shamba kijijini au ndugu wanaolitegemea, na mchango hutoka kwa wepesi alizeti ikishauzwa. Sherehe za Nane Nane pale Nzuguni, Agosti 8, zinaangukia kwenye miezi hiyohiyo. Jumamosi za Julai na Agosti unaweza kupishana na misafara mitatu ya harusi kabla hujafika sokoni.

Lakini nisidhulumu miezi ya mvua. Ina furaha zake, ndogo na za kila siku, zisizohitaji kadi ya mwaliko. Kumbikumbi hutoka ardhini baada ya mvua za kwanza na watoto huwakimbiza na mabakuli. Mlenda mbichi hupatikana nyuma ya nyumba. Februari na Machi zabibu hujaa mjini. Huvunwa tena Agosti na Septemba, kwa sababu mkulima huupogoa mzabibu mara mbili kwa mwaka. Pasaka tunaila na mahindi mabichi na karanga za kuchemsha zilizotoka shambani asubuhi hiyo. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua hutolewa nje kwa utulivu, na shughuli yake kubwa, kama ipo, inasogezwa mbele bila mtu kuhisi amepunjwa.

Na kama kuna anayetaka kuona miti yetu ikiamka, aje Oktoba au Novemba, wakati ardhi ni kavu kupindukia. Mbuyu hutoa majani kabla mvua haijanyesha, kwa akiba ya maji iliyo kwenye shina lake. Maua yake meupe, makubwa kama kiganja, hufunguka usiku, popo wakaja kuyanyonya, na kufikia kesho yake yameshanyauka. Ni uzuri unaotokea ghala likiwa linapungua, kwa hiyo hakuna harusi inayopangwa kwa ajili yake.

Binamu yangu aliihamisha likizo. Harusi ikapangwa Jumamosi moja ya Julai, na wiki iliyotangulia nilifika Bahi mapema kusaidia. Shangazi alikuwa uani, ameinama juu ya gunia bichi lililotandazwa. Aliinua pembe moja, akachukua punje mbili, akaziweka kwenye kiganja changu. Mizizi ilikuwa imechungulia tu, mifupi kuliko ncha ya sindano. "Bado hadi kesho jioni, mwanangu," akasema, akalifunika gunia na kulinyunyizia maji.