Ushauri wa kisaikolojia: maana yake, na kwa nini mshauri hakupi shauri

Neno "ushauri" linatupotosha kidogo. Mtu wa Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, akilisikia, anamwona baba mkubwa ameketi, ananyoosha kidole na kusema: mtoto wangu, fanya hivi, acha vile. Shauri la namna hiyo tunalo tangu zamani na lina kazi yake, hasa kwenye mambo ya ndoa na mashamba. Ushauri wa kisaikolojia, ambao vitabu vingine huuita unasihi, unaanzia pengine kabisa. Anayekuja ndiye anayezungumza. Anayempokea husikiliza, huuliza, hungoja. Ndiyo maana hapa Kivu ya Kusini nyumba nyingi za kazi hii zilipewa jina la Kifaransa, maison d'écoute, yaani nyumba ya kusikiliza. Mimi naona jina hilo liligusa maana kuliko neno letu.

Lakini kusikiliza kunaponyaje? Kwanza tujue kinachouma.

Tuna neno moja, "kichaa", na tumelitwisha mizigo yote. Kichaa ni yule anayetembea bila nguo karibu na soko la Kadutu. Basi mama ambaye hajalala wiki tatu, au kijana anayeshtuka kila mlango ukigongwa, hajioni katika neno hilo, na akiambiwa aende kuonana na mtu wa saikolojia anakasirika: mimi si kichaa! Ana haki ya kukasirika. Afya ya akili ni jambo pana. Ndani yake kuna huzuni isiyoondoka, ile watu wa hapa huiita depresyo na Watanzania huiita sonona. Kuna hofu isiyo na sababu mbele yake. Kuna kiwewe, ambacho kwetu husemwa tromatisme. Kuna pia magonjwa mazito zaidi, kama skizofrenia, ambapo mtu husikia sauti zisizokuwepo. Kifafa nacho, ingawa ni ugonjwa wa ubongo, hutibiwa mara nyingi katika nyumba zinazotibu magonjwa ya akili, kama SOSAME hapa Bukavu, kituo cha watawa wa Frères de la Charité. Kuvitia vyote hivyo ndani ya neno moja ni kama kuita malaria, jino na mguu uliovunjika kwa jina moja, kisha kushangaa kwa nini hakuna anayetaka kwenda hospitali.

Nikae kwenye kiwewe, maana mji huu unakijua. Aliyezaliwa hapa mwaka 1990 alikuwa mtoto wa darasa la kwanza vita vilipofika mwaka 1996. Mwaka 2004 alisikia tena risasi mjini. Februari 2008 ardhi ilitetemeka. Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia, benki zikafungwa, na watu wakalala chini ya vitanda. Hapo sijataja nyumba zinazoteremka na udongo wa mvua, wala moto unaokula kartie nzima, yaani mtaa mzima, kwa usiku mmoja.

Tuchukue mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Usiku mmoja risasi zilipigwa karibu na kwake na jirani akafa. Miezi mitatu baadaye kuko kimya, lakini mabati yakilia kwa mvua mikono yake inatetemeka na moyo unamwenda mbio. Anaota jambo lilelile. Ameacha njia ya mkato inayopita pale, anazunguka mlima mzima na beseni kichwani. Watoto wakicheza kwa kelele anawapiga, kisha analia. Atakwambia ana presha, au kichwa kinamuuma, au kuna mtu amemroga.

Mwili wake una king'ora cha hatari. Jambo baya likitokea kinalia, damu inakwenda miguuni ili akimbie, usingizi unakatika. Hivyo ndivyo kinavyopaswa kufanya kazi. Kwa watu wengi king'ora hunyamaza baada ya siku au majuma, wakipata usalama, chakula na watu wao. Kwa wengine hakinyamazi. Kumbukumbu ya usiku ule haikukaa mahali pake kama jambo lililopita. Inarudi kama jambo linalotokea sasa. Dalili hizo zikizidi mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi zake, hapo wataalamu huzungumzia ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita ndani ya miaka kumi, takriban mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili la aina moja au nyingine. Wanne waliobaki si mashujaa kuliko yeye.

Na sisi tunamwambia nini mama huyo? "Mama, jikaze. Wengine walipoteza zaidi." Tunasema kwa mapendo, najua. Lakini anachosikia ni kwamba maumivu yake hayatoshi kuhesabiwa, na kesho hatasema tena. Kwa wanaume ni mbaya zaidi, kwa sababu wao huambiwa mwanaume halii, na wengi hupeleka kilio chao kwenye chupa.

Sasa mama huyu anafika kwa mshauri. Mara nyingi atakutana na mwanamke aliyefunzwa, anayeitwa APS, msaidizi wa kisaikolojia na kijamii. Wataketi mahali ambapo hakuna anayesikia. Ataambiwa kwamba anachosema hakitoki humo, isipokuwa kama maisha ya mtu yako hatarini. Siku ya kwanza huenda akasema habari za bei ya samaki tu, na hiyo si siku iliyopotea. Mshauri ataeleza king'ora kile, na kwa wengi maelezo hayo peke yake ni nafuu: kumbe sijalogwa, kumbe sio mimi peke yangu. Atamfundisha kupumua polepole mwili unapoanza kutetemeka. Wiki kwa wiki watarudi kwenye usiku ule, kwa kasi ya mama mwenyewe, mpaka aweze kuusimulia una mwanzo na mwisho. Pia watachungulia mawazo yaliyojificha chini. Mara nyingi kuna moja kubwa: ni kosa langu, ningemwita jirani aje kwangu asingekufa. Mshauri hamwambii "usiwaze hivyo". Anamuuliza: usiku ule ulijua nini? Ulikuwa na njia gani nyingine? Mama anajibu mwenyewe, na jibu alilolitafuta mwenyewe hukaa.

Njia hiyo ya kuchungulia mawazo ilipimwa hapa kwetu, mashariki mwa Kongo, kwa wanawake waliobakwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Katika vijiji fulani wanawake walipata kikao kimoja cha mtu peke yake na vikao 11 vya kundi. Katika vijiji vingine walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya kumaliza, waliobaki na dalili za sonona au hofu kubwa walikuwa 9 kwa 100 katika makundi, na 42 kwa 100 kule kwingine. Walioongoza makundi hawakuwa madaktari wa magonjwa ya akili. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa huku, waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Ninairudia habari hii kila nikisikia kwamba saikolojia ni mambo ya wazungu.

Kuna jambo moja la kuangalia. Kumlazimisha mtu aeleze yote siku ileile ya msiba si ushauri. Shirika la Afya Duniani halipendekezi jambo hilo, kwa sababu halisaidii na linaweza kudhuru. Siku za kwanza kinachofaa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: kuangalia nani ana hatari na anahitaji nini, kumsikiliza bila kumchokonoa, kumuunganisha na ndugu, maji, chakula, daktari. Jirani yeyote anaweza kuifanya. Kwa aliyebakwa, hospitali inatangulia mazungumzo yote: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi.

Ushauri pia una mpaka wake. Hauleti kodi ya nyumba. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, iliona hilo mapema. Ndiyo maana mwanamke anayefika pale hupewa matibabu ya mwili, huduma ya kisaikolojia, msaada wa kisheria na njia ya kurudi kwenye kazi. Sala nayo inawashika wengi, na mshauri mzuri haigombanishi na kazi yake. Kinachoua ni kumfunga mgonjwa kamba katika chumba cha maombi na kumnyima dawa zake. Anayesikia sauti, anayesema anataka kufa, aliyeacha kula, huyo anahitaji daktari wa akili leo, na asiachwe peke yake njiani.

Kwa wengine, mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha kartie. Huna haja ya kutamka neno saikolojia wala tromatisme. Mwambie muuguzi: "Sijalala wiki tatu, na mvua ikinyesha natetemeka." Halafu uliza kama kuna APS.