Samani za Waingereza wa Kawaida: Kiti Kilikuwa cha Mwenye Nyumba

Anayetaka kujua Waingereza wa kawaida waliketi na kulala juu ya nini katika karne ya 16 na ya 17 hatasaidiwa sana na majumba ya wakuu, wala na kumbi za makumbusho zilizojaa makabati ya mwaloni yenye nakshi. Vilivyodumu ni vile vilivyothaminiwa. Kigoda cha kibarua kilipovunjika kiliishia motoni. Ndiyo maana mimi, katika utafiti wangu wa samani, huanza na karatasi kabla ya kugusa ubao.

Karatasi zenyewe ni orodha za mali za marehemu. Sheria ya mwaka 1529 iliwataka wasimamizi wa mirathi wawasilishe orodha ya vitu vilivyoachwa iwapo thamani yake ilizidi pauni 5, na kazi hiyo ilifanywa na majirani waliopita chumba kwa chumba, wakitaja kila kitu na kukikadiria bei. Ni hazina, lakini ina mapengo: mafukara hawamo, mwanamke aliyeolewa kwa kawaida hayumo, kwa kuwa kisheria mali yake ilihesabiwa kuwa ya mumewe, na vitu duni hukusanywa mwishoni kwa bei moja, kama vikorokoro tu. Hata hivyo, ukizisoma kwa wingi utaona kwamba kitu ghali kuliko vyote chumbani mara nyingi ni kitanda, na kwamba godoro la manyoya ya ndege huweza kuishinda fremu yake kwa bei. Fremu hizo nyingi zilifumwa kamba, kama vitanda vya kamba vya pwani yetu. William Harrison, kasisi wa Radwinter huko Essex, aliandika mwaka 1577 kwamba wazee wa kijiji chake walikumbuka enzi za kulalia majani makavu na kuegemeza kichwa kwenye gogo, wakati mito ilipodhaniwa kuwafaa wazazi waliotoka kujifungua tu.

Viti ndivyo vinavyonishughulisha zaidi. Nyumba ya mkulima wa wakati huo ingeweza kuwa na benchi, vigoda kadhaa na kasha lililokaliwa pia, lakini kiti chenye mgongo kikawa kimoja au viwili, na aliyestahili kukikalia alikuwa mwenye nyumba. Meza nayo mara nyingi ilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya miguu isiyoshikizwa, ukaondolewa baada ya chakula.

Ubora wa samani ulitegemea pia fundi aliyeruhusiwa kuitengeneza. Mjini London mafundi waliopigilia misumari na wale waliounganisha mbao kwa ulimi na tundu walizozana hata wakuu wa jiji wakatoa uamuzi mwaka 1632, wakawaachia hao wa pili kazi zote za viungo vya kuchomekana na za gundi. Kasha la mbao sita zilizopigwa misumari lilikuwa rahisi, lakini ubao hutanuka na kusinyaa kwa majira, na ukibanwa na msumari hupasuka. Katika kazi ya ulimi na tundu, ubao mwembamba hukaa ndani ya mfereji wa fremu bila kubanwa, ukapata nafasi ya kucheza. Nikikuta kasha la kale lenye ufa mrefu ubavuni, sishangai hata kidogo.

Aliyekifikisha kiti katika jiko la kibarua, kwa maoni yangu, ni fundi wa kiti cha Windsor, aina ya kiti cha mbao iliyoenea tangu karne ya 18. Siri yake ni kwamba kalio la ubao mnene ndilo linalobeba kila kitu: miguu imechomekwa kutoka chini, na fito za mgongo kutoka juu. Karibu na mji wa High Wycombe, wakerezaji walikaa ndani ya misitu ya miti ya Fagus na kukereza miguu ubao ungali mbichi, kwa kerezo iliyokanyagwa kwa mguu na kurudishwa na mti mwembamba uliopindwa. Wengine walichonga makalio kwa tezo kutoka mti wa Ulmus, ambao nyuzi zake zilizosokotana hazipasuki kwa urahisi, na wengine waliunganisha. Kufikia mwaka 1875 inakadiriwa kwamba mji huo ulitoa viti 4,700 kwa siku. Wengi wa mafundi hao hawakutia jina lolote kwenye kazi yao.

Vita Kuu ya Pili vilileta jambo geni: serikali kuamua umbo la kabati la mwananchi. Kuanzia mwaka 1942, chini ya waziri Hugh Dalton, na baadaye kwa uongozi wa Gordon Russell katika usanifu, samani mpya zilifuata michoro iliyoidhinishwa na kuuzwa kwa vibali kwa waliooana karibuni na waliobomolewa nyumba na mabomu. Zilikuwa imara, zisizo na nakshi, na si wote waliozipenda. Mpango ulipofungwa mwaka 1952, wanunuzi wengi walirudia mapambo. Mimi nazipenda, tena kwa sababu ya kikazi: alama ya CC41, muhuri rasmi wa bidhaa za mpango huo, iliyogongwa nyuma ya droo hunipa mipaka ya takriban miaka kumi, jambo ambalo kasha la mbao sita hunipa kwa nadra sana.