Likizo ya Mapishi Vijijini Ufaransa: Yanayosemwa na Yaliyopo

"Chakula cha Kifaransa ni siagi na krimu tu." Siagi ni ya Normandie na Bretagne, kwenye malisho na ng'ombe wa maziwa. Shuka Provence uone mafuta ya zeituni yanavyotawala. Ingia Périgord, kusini magharibi, sufuria inanukia mafuta ya bata. Kabla hujalipia darasa, uliza liko mkoa gani.

Huko Périgord huenda ukafundishwa confit. Mapaja ya bata hupakwa chumvi yakalazwa usiku kucha. Kesho yake hupanguswa, yakazamishwa kwenye mafuta ya bata yaliyoyeyushwa, moto mdogo kabisa, mafuta yatetemeke tu. Huachwa hivyo kwa muda wa saa mbili au tatu, mpaka nyama ianze kuachia mfupa. Kisha hupangwa mtungini na kufunikwa kwa mafuta yaleyale. Ndiyo friji ya wakulima wa zamani. Aliyelelewa Garissa na nyirinyiri, nyama inayohifadhiwa ndani ya mafuta, hahitaji maelezo zaidi.

"Trufu zinachimbwa mwaka mzima." Uyoga huu huota ardhini kwenye mizizi ya mwaloni, na ule mweusi wa Périgord, ghali kweli, ni wa Desemba hadi Machi hivi. Agosti utapata wa kiangazi, wenye harufu hafifu. Tangazo linalokuahidi mweusi uliochimbwa Agosti, lipite. Na usitegemee kumwona nguruwe akiusaka: anapenda mno kuula mwenyewe, kwa hiyo siku hizi kazi hiyo ni ya mbwa.

"Lazima uwe fundi wa kupika na ujue Kifaransa." Wala. Mengi ya madarasa haya hufanyika jikoni kwa mwenyeji, watu wachache, unaanza kwa kumenya vitunguu, na mengi huendeshwa kwa Kiingereza. Kifaransa utakitaka sokoni, na "bonjour" kabla ya kuuliza bei ni lazima, la sivyo utajibiwa kwa mkato. Soko la Sarlat, mji wa huko Périgord, ni Jumatano na Jumamosi. Wahi asubuhi, maana kufikia adhuhuri wauza mboga wengi wanafungasha.

"Mvinyo ukichemka, kilevi chote huisha." Hapana, kiasi hubaki, hata baada ya kupikwa muda mrefu. Vipande vya nyama ya nguruwe navyo hujificha kwenye dengu na maharage, na bata wa soko la kijijini kwa kawaida si halali. Kama hutumii vitu hivi, sema siku unayoweka nafasi, si mezani.

Konokono kila siku? Hata Wafaransa hawali hivyo.

"Utahitaji viza ya mwanafunzi." Kwa wiki moja, mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania huomba viza ya Schengen ya muda mfupi, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180, pamoja na bima ya matibabu ya safari inayogharamia angalau euro 30,000. Kinachosumbua zaidi ni usafiri: vijiji vingi havina basi la kutegemewa. Mwulize mwenyeji kama atakuja kukupokea stesheni.