Oda ndiyo inayopanga zamu

Kashfa ya kiwanda cha simu au kompyuta ikizuka, taarifa ya kampuni yenye nembo naweza kuiandika kabla haijatoka. Itaanza kwa kusema kampuni imesikitishwa. Kisha itakumbusha kwamba kiwanda si chake, ni cha mzabuni anayejitegemea. Itataja kanuni za maadili ambazo mzabuni huyo alizisaini, halafu itatangaza kwamba wakaguzi wako njiani. Kazi yangu ni ya hao wakaguzi. Nimepita kwenye viwanda vingi vya elektroniki, na nakubali kwamba kila sentensi ya taarifa hizo huwa ya kweli. Ninachokataa ni picha inayojengwa na sentensi hizo zikiunganishwa: kwamba mwenye nembo ni mtu wa pembeni aliyeletewa habari mbaya.

Chukua kisa cha Wintek, ambacho huwa nawapa wakaguzi wapya kabla sijawafundisha kitu kingine. Wintek ilikuwa kampuni ya Taiwan, na kiwanda chake cha Suzhou, mashariki mwa China, kilitengeneza vioo vya mguso kwa ajili ya Apple. Vioo hivyo husafishwa kwa kitambaa na kimiminika kinachokauka chenyewe. Kiwanda kilikuwa kikitumia alkoholi, kikahamia kwenye heksani kwa sababu inakauka haraka zaidi. Kioo kikikauka mapema kinaondoka mezani mapema, na kingine kinashika nafasi yake. Ila heksani ikivutwa siku baada ya siku katika chumba kisichopitisha hewa vizuri, hushambulia neva. Watu walianza kwa ganzi ya vidole, wengine wakafika mahali pa kushindwa kutembea vizuri. Katika ripoti yake ya mwaka 2011 Apple ilikiri kwamba wafanyakazi 137 walidhurika. Mwaka 2014 ikapiga marufuku heksani na benzini katika hatua za mwisho za uunganishaji wa bidhaa zake.

Marufuku ile ilikuwa hatua njema, wala siibezi. Lakini hakuna aliyeileta heksani kiwandani kwa kuwa anaipenda. Ilikuja kwa sababu kulikuwa na tarehe ya kufikisha mzigo, na sekunde chache kwa kila kioo zilikuwa na thamani. Kemikali moja ikikatazwa na tarehe ikabaki vilevile, sekunde hizo zitatafutwa kwingine.

Biashara hii inaendeshwa kwa makadirio. Mwenye nembo anamwambia muunganishaji, yaani mzabuni anayeunganisha bidhaa nzima: toleo jipya linaingia sokoni mwezi fulani, andaa uwezo wa kutoa vipande kadhaa kwa wiki. Makadirio si ahadi ya kununua, na hubadilika mpaka dakika za mwisho. Miezi michache kabla ya uzinduzi kiwanda kinahitaji maelfu ya mikono. Msimu ukiisha hakiihitaji tena. Faida ya muunganishaji ni nyembamba mno kumruhusu kuweka watu wengi wa kudumu wakisubiri msimu. Anabaki na njia tatu: saa za ziada, vibarua wa mawakala, na wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanaoletwa kwa jina la mafunzo kwa vitendo. Zote tatu utazikuta kwenye rekodi. Mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba wanafunzi katika kiwanda cha Foxconn, muunganishaji mkubwa kutoka Taiwan, huko Zhengzhou, China, walifanya saa za ziada ambazo hawakutakiwa kufanya, wakati simu ya iPhone X ikitengenezwa. Kuhusu vibarua, sheria ya China iliyoanza kutumika 2014 inataka wale wa mawakala wasizidi asilimia 10 ya nguvukazi. Septemba 2019, mwezi wa toleo jingine, Apple na Foxconn zilikiri kwamba kiwanda hichohicho kilivuka kiwango.

Saa za kazi zenyewe ni somo la peke yake. Sheria ya kazi ya China inaruhusu saa 36 za ziada kwa mwezi, juu ya wiki ya saa 40. Ukigawanya vizuri unapata wastani wa saa 48 hivi kwa wiki. Kanuni za muungano wa kampuni za elektroniki, ulioanzishwa 2004 na ambao tangu 2017 unaitwa Responsible Business Alliance, zinataka sheria ya nchi iheshimiwe, kisha zinaweka kikomo cha saa 60. Sasa fungua ripoti za mwaka za kampuni nyingi uone ni namba gani inayopimwa na kujivuniwa. Ni 60. Mtu anaweza kuvunja sheria ya nchi wiki hadi wiki na bado akahesabiwa kwenye safu ya waliotii.

Baada ya mfululizo wa wafanyakazi kujiua katika kiwanda cha Foxconn cha Longhua, Shenzhen, mwaka 2010, shinikizo lilikua mpaka mwanzoni mwa 2012 Apple ikajiunga na Fair Labor Association, shirika linalofuatilia hali za kazi viwandani. Shirika hilo lilikagua viwanda vitatu vya Foxconn na kuwahoji zaidi ya wafanyakazi 35,000. Lilikuta katika vilele vya msimu saa 60 zinavukwa. Foxconn ikaahidi kushuka hadi kikomo cha kisheria ifikapo Julai 2013. Ripoti ya mwisho, Desemba ya mwaka huo, ilionyesha saa 60 zimedhibitiwa, ila zile 36 za mwezi bado zinavukwa.

Kuna jibu moja kutoka kwenye mahojiano yale ambalo watu wa idara za mawasiliano hulipenda sana: takriban theluthi moja ya wafanyakazi walisema wangependa saa zaidi ili waongeze kipato. “Mnaona? Wenyewe wanataka.” Wanataka, ndiyo. Katika uchunguzi uleule, zaidi ya asilimia 60 walisema mshahara hautoshi mahitaji ya msingi. Mshahara wa msingi ukiwekwa karibu na kima cha chini, saa ya ziada inayolipwa mara moja na nusu siku ya kazi, au mara mbili siku ya mapumziko, ndiyo inayomwezesha mtu kutuma chochote nyumbani. Kupunguza saa bila kugusa mshahara wa msingi ni kumkata mtu kipato kwa jina la kumtetea, na nimewahi kuzomewa na wafanyakazi kwa sababu hiyo. Walikuwa na haki.

Wasomaji wengine huniuliza mkaguzi anajuaje kwamba anadanganywa. Kiwanda hunipa karatasi za mahudhurio safi kabisa, Jumapili zote watu wamepumzika. Huwa sibishani. Naomba nionyeshwe friji ya lehemu. Lehemu ya kubandika vipuri kwenye bodi huja ikiwa laini kama dawa ya meno, ndani ya makopo yanayotunzwa kwenye baridi, na kabla ya kutumika kopo hutolewa lipate joto la chumba. Pembeni ya friji kuna daftari: kopo limetoka saa ngapi, limefunguliwa saa ngapi, nani amesaini. Daftari hilo ni la watu wa ubora, ofisi ya utumishi hailigusi, na mteja akikuta lina mapengo anaweza kukataa mzigo. Kwa hiyo wanaotengeneza mahudhurio ya kubuni mara nyingi hulisahau, na wanaolikumbuka huogopa kulichezea. Nikikuta kopo limefunguliwa Jumapili saa mbili usiku, na aliyesaini ni mtu ambaye kwa karatasi za mahudhurio alikuwa amelala bwenini, mazungumzo hubadilika. Kinachofuata ni kulinganisha na idadi ya sahani za kantini na kumbukumbu za joto za tanuri la kulehemu. Ukaguzi uliotangazwa mapema, wa siku mbili, wenye maswali yanayoulizwa mbele ya msimamizi, hauwezi kufika huko. Huo ni funika kombe mwanaharamu apite, na pande zote mbili zinajua.

Kuna meneja wa kiwanda ambaye, daftari lilipowekwa mezani, hakujitetea. Alitoa simu akanionyesha ujumbe kutoka idara ya manunuzi ya mteja yuleyule aliyenituma kumkagua. Oda imeongezwa, tarehe haisogei, bei ni ileile. Akaniuliza nitauandika wapi ujumbe ule. Fomu yangu ilikuwa na kurasa nyingi kuhusu kiwanda, na haikuwa na mstari hata mmoja kuhusu mnunuzi.

Umoja wa Mataifa una mahali pa kuuandika. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu liliidhinisha Kanuni Elekezi kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizoandaliwa chini ya John Ruggie, mjumbe maalumu wa Katibu Mkuu wa Umoja huo. Kanuni hizo zinatofautisha hali tatu: kampuni kusababisha madhara, kuchangia madhara, au madhara kuhusishwa moja kwa moja na bidhaa zake kupitia anayefanya naye biashara. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu aliyesababisha au kuchangia anatakiwa pia kushiriki kuwafidia walioumia. Aliyehusishwa tu anatakiwa kutumia ushawishi wake. Kampuni zenye nembo karibu siku zote hujiweka kwenye fungu la tatu. Lakini mwongozo wa ofisi ya Umoja huo ya haki za binadamu, ukitoa mifano ya *kuchangia*, unataja bayana mnunuzi anayebadilisha matakwa ya bidhaa dakika za mwisho bila kurekebisha tarehe wala bei, hivyo kumsukuma mzabuni avunje viwango vya kazi. Ni ule ujumbe wa simu, karibu neno kwa neno.

Suala la nani alipe halina fumbo kubwa, watu hulikuza tu. Watafiti Kraemer, Linden na Dedrick walichambua bei ya iPhone ya mwaka 2010 wakakuta kazi ya mikono nchini China ilichukua chini ya asilimia 2 ya bei ya kuuzia, huku faida ya Apple ikiwa zaidi ya nusu. Bidhaa si zote zina faida ya namna hiyo. Watengenezaji wa kompyuta za bei nafuu wana nafasi ndogo kweli. Hata hivyo, kuongeza mshahara wa msingi kwa theluthi moja kusingetikisa bei ya duka ya simu kama ile.

Panapouma zaidi ni kwenye madeni ya kuajiriwa. Malaysia inatengeneza vipuri vingi vya elektroniki kwa mikono ya wahamiaji kutoka Nepal, Indonesia, Bangladesh, Myanmar na kwingineko. Mwaka 2014 shirika la Verité lilitoa utafiti uliogharamiwa na Wizara ya Kazi ya Marekani, uliohoji wafanyakazi 501. Asilimia 28 walikuwa katika hali ya kazi ya kulazimishwa. Hakuna aliyefungwa mnyororo. Zaidi ya wahamiaji tisa kati ya kumi walikuwa wamelipa ada ili wapate kazi, wengi kwa mkopo, na pasipoti zao zilishikwa na mwajiri au wakala. Mtu mwenye deni la namna hiyo hakatai zamu, haugui, halalamiki. Mwaka uliofuata muungano wa kampuni za elektroniki na Apple walipiga marufuku ada zote, na warudishiwe waliolipa. Sheria nzuri. Ukiifuatilia chini kidogo unakuta arejeshaye fedha ni mzabuni, kutoka mfuko wake, huku mkataba unaofuata ukiwa na bei ileile, kana kwamba gharama ya kumleta mtu kutoka Kathmandu imeyeyuka.

Wapo wanaodhani uwajibikaji ni kumkata mzabuni mara moja. Mimi naona hiyo mara nyingi ni njia ya kunawa mikono, maana wanaolipa ni walewale: kiwanda kinafungwa, madai yao yanafungwa nacho. Desemba 2020 wafanyakazi wa kiwanda cha Wistron, muunganishaji mwingine wa simu za Apple, huko Narasapura, jimbo la Karnataka nchini India, walivunja vioo na mitambo kwa hasira ya mishahara. Kiwanda kilikuwa kimepanuka haraka hadi zaidi ya watu 10,000, na usimamizi wa saa za kazi na malipo haukuweza kuwahimili. Apple iliiweka Wistron chini ya uangalizi, ikainyima kazi mpya mpaka irekebishe, bila kuondoka. Uamuzi huo nauunga mkono.

Sheria sasa zinaanza kuigusa mezani idara ya manunuzi, japo kwa kusitasita. Ufaransa ilitangulia 2017 kwa sheria ya wajibu wa uangalizi, inayotaka kampuni kubwa zizuie madhara hata kwa wazabuni wao. Ya Ujerumani ilianza kutumika 2023, nayo ina tundu ambalo mwanasheria yeyote wa kampuni analijua: kwa wazabuni wa moja kwa moja kampuni lazima ichunguze yenyewe, kwa walio ngazi za chini wajibu unaamka tu pale kampuni inapopata taarifa za uhakika kuhusu tatizo. Kutojua kunakuwa na faida, na vipuri vingi hutoka huko chini. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 kuhusu wajibu huohuo yalikwenda mbali zaidi, yakataja kwa jina kwamba kampuni inatakiwa kurekebisha namna yake ya kununua. Tangu 2025 Umoja huo umekuwa ukiyapunguza makali na kusogeza mbele tarehe za utekelezaji, na mjadala mkubwa umekuwa ni kampuni ngapi zitabaki ndani. Mimi nafuatilia zaidi kile kifungu cha manunuzi. Wakipunguza kampuni wakakiacha, watakaobaki watalazimika kufungua faili za oda zao. Wakikiondoa, tutaendelea kutumwa viwandani na fomu zilezile.